Metere Zilizokubaliana

Wiki iliyopita niliwaachia funguo za depo, ghala yetu ya vyombo vya kazi, na kabla sijafika nyumbani mmoja wenu alikuwa ameshanikimbilia barabarani kuniuliza kwa nini tupa za rafu ya juu hazichanganywi na za rafu ya chini. Nikaona heri nikae niandike, kuliko kusimamishwa njiani kila siku na magoti haya. Sitawaeleza nilivyopanda cheo, maana ndani ya depo hakuna pa kupanda isipokuwa ngazi. Nitawaeleza habari za vyombo vya bei rahisi, vile vilivyotufaa na vile vilivyotutoa jasho, ili mjue mnachokirithi.

Mimi Masika, ambaye ninyi mnaniita Mama Depo, sikuja karakana ya useremala ya Papa Paluku kutafuta kazi. Nilikuwa msichana wa kuuza maharage ya Lubero, na kituo changu kilikuwa mbele ya mlango wake hapa Mususa, mjini Butembo. Kila asubuhi alitoka na maranda kichwani kuja kunishusha bei, na kila asubuhi alirudi ndani ameshindwa. Siku moja akaweka kibakuli chake chini akasema, "Wee mutoto, mimi nimechoka kupigana na wee. Kuya ukae upande yangu. Utakuwa unaninunulia byombo."

Siku ya kwanza sikugusa mbao. Alinipeleka sokoni, kwenye meza zilizojaa vyombo vilivyotoka Asia kupitia mpaka wa Kasindi, bado vinateleza kwa mafuta ya kiwandani. Nikashika msumeno wenye mpini mwekundu unaong'aa, nikasema huu ndio wetu. Akanitazama kwa huruma.

"Unataka kuolewa na mupini? Kamata ile scie kwa ncha. Ikunje. Sasa achilia."

Nikaukunja, nikauachilia. Ukarudi nusu, ukabaki umeinama kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Akanipa mwingine, mpini wake umechongwa vibaya, wenye kukwaruza kiganja. Huo ulirudi wima na kulia, mlio mrefu, safi.

"Umesikia?" Papa Paluku akaniuliza. "Ile inaimba. Ya kwanza ilikuwa nakohoa."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Koleo unaliinua kwenye jua, ukiona mwanga kati ya meno yake unalirudisha mezani. Nyundo unaitazama tundu la mpini kabla ya kuutazama uso. Kisu cha randa unakigusa kwa tupa yako ya zamani: tupa ikiuma, chuma ni laini na kitakuchosha, tupa ikiteleza kama juu ya kioo, lipa uondoke haraka kabla muuzaji hajabadili mawazo. Tupa yangu ilikaa kwenye mkunjo wa kitenge changu miaka yote, na padri mmoja aliwahi kuniuliza kama naenda nayo hata kukomunika. Nilikuwa naenda nayo.

Msidhani sikuangushwa. Nilileta nyundo ambayo kichwa chake kiliruka siku ya pili, kikavuka ukuta na kutua ndani ya sufuria ya jirani, katikati ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jirani alikirudisha kimeoshwa vizuri, akasema chakula kimekuwa na nguvu leo. Nilileta pia mashine ya kutoboa ambayo ilitoa moshi kabla ya kutoa tundu. Kulikuwa na bisibisi ambazo ncha zake zilijizungusha na skrubu ikabaki palepale, imetulia, kama haihusiki na ugomvi huo. Mafundi walizitumia kukorogea gundi, na kwa gundi zilikuwa nzuri sana.

Lakini nilileta na ile randa. Ilikuwa mbaya, jamani. Mwili wake ulikuwa na mabonde, mshikio ulivunjika wiki ya kwanza, na rangi yake ya kijani ilihamia mikononi mwa kila aliyeishika. Mafundi walinizomea mpaka Papa Paluku alipotoa kisu cha randa hiyo, akakinoa, akanyoa nacho nywele za mkono wake. Alichukua kipande cha muti mgumu, akakichongea kile kisu mwili mpya, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kushika randa ile bila kuomba. Kutokana na hayo nikajiwekea sheria yangu: nunua kimoja kwanza, ukifanyishe kazi wiki nzima, ndipo urudi kwa vingine. Tupa za rafu ya juu zimeshapita wiki yao, za chini bado.

Halafu vita vikaja. Wanajeshi walipopita mara ya kwanza walibeba kila kilichobebeka: misumeno, patasi, nyundo, mpaka kopo la gundi na bisibisi yake. Papa Paluku alisema wametuachia maranda kwa sababu hawakuwa na magunia. Randa yetu tuliikuta kizingitini, imetupwa. Nadhani hata mwizi aliona aibu kuonekana nayo. Nilicheka siku hiyo, na nilipomaliza kucheka nililia, maana rafu za depo zilikuwa nyeupe kabisa, hazina kitu. Nikaziosha, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Hatukuwa peke yetu. Barabara nzima ya maseremala ilikuwa imesafishwa. Tulikuwa na likilimba yetu, ile ya kila karakana kuchanga na mmoja kupokea kwa zamu, na mafundi wakakubaliana kwamba safari hii asipokee mtu, chombo kinunuliwe kwa wote kwa pamoja. Wakaanza na kile ambacho seremala hawezi kukitengeneza mwenyewe, yaani ule utepe wa chuma wa kupimia tunaouita metere. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kasindi akatuuzia karatoni nzima. Zilikuwa za njano, zinajirudisha zenyewe ndani kwa kishindo, na wazee wazima walikaa wakizivuta na kuziachia kama batoto ya shule.

Kwa metere desturi ya Mususa ilikuwa moja tu: unaiweka kando ya metere ya jirani, na mkikubaliana, ni nzuri. Tukaiweka yetu kando ya ile ya jirani. Zikakubaliana mstari kwa mstari. Tukavuka barabara, tukajaribu na ya huko. Zikakubaliana. Watu wakapiga makofi, kwa sababu haikuwahi kutokea hapa maseremala wawili wakubaliane juu ya kitu chochote.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha. Kiti cha karakana hii kiliingia chini ya meza ya karakana ile bila kugusa. Jambo moja tu lilitusumbua: waliotununulia vitanda walikuja kulalamika kwamba godoro linaacha nafasi, mtoto analala vizuri mguu wake ukaingia shimoni. Tukawaambia waende kwa wauza magodoro. Barabara yote ilikuwa na hakika kwamba Kampala, magodoro yanakotoka, wameanza kuiba sponji, na wauza magodoro waliapa kwa majina ya mama zao bila mtu kuwaamini.

Ndipo nikaitwa kwenye phonie, ile redio ya kuzungumzia miji na miji, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa simu yetu, na ukimaliza kusema unampa mwenzako zamu kwa "à vous". Aliyenitafuta alikuwa Mama Kahambu, mkunga mkubwa wa nyumba moja ya kuzalishia akina mama kule Beni.

"Masika, unanisikia? À vous."

"Ninakusikia, Mama. À vous."

"Basoda balichoma milango yangu yote. Balipikia haragi. Bamama banazalia nyuma ya kitenge! Na dada yako Kavira amesema hatakuya. À vous."

Kwenye phonie hakuna siri. Foleni yote ilinigeukia kunipa pole kabla hata sijajibu. Kavira ni mdogo wangu, aliyeolewa Beni, na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa. Mara ya kwanza alijifungulia hukohuko kwa Mama Kahambu, milango ikiwa imeshachomwa, nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, huku wanaume wenye bunduki wamejipanga koridoni kungoja dawa ya malaria. Kila upepo ulipopita kitenge kiliinuka. Kavira aliuma kanga yake ili wasimsikie, na alitoka damu nyingi sana. Bila Mama Kahambu tungemzika. Sasa alikuwa ameapa kuzalia nyumbani, kwenye chumba chake, bila mkunga. Nilijua maana ya jambo hilo, na Mama Kahambu alijua kuliko mimi.

"Mupe maçon," nikasema. "Atupe vipimo."

Fundi Mbusa, mwashi wa Beni, akaingia kwenye phonie. Fremu za milango zilikuwa bado ukutani, chuma chake kiliwashinda wale wanajeshi wapishi wa maharage. Alitusomea upana na urefu wa kila mlango akipiga kelele kana kwamba anataka tumsikie bila redio, nami nikarudia kila namba mpaka foleni yote ikaijua kwa moyo. Papa Paluku akanunua libuyu, mbao nyekundu ambayo ilikuwa imekuja kutoka misitu ya Beni, akasema inarudi kwao imevaa vizuri. Mlango wa chumba cha kuzalia aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Tukapakia milango kwenye lori, imesimamishwa wima na kufungwa kwa kamba, mimi na Papa Paluku tumekaa katikati yake. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi kijana alilizunguka gari, akatafuta cha kuuliza, akakosa. Mwisho akagonga mlango uliokuwa pembeni.

"Kokoko! Kuko mutu?"

"Ingia tu, kiti iko!" Papa Paluku akajibu kutoka nyuma ya mlango huo.

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani, na kamba ikainuliwa kabla ya sisi kuombwa chochote. Tulifika Beni tunaimba, makoti yetu ya baridi ya Butembo tumeyavua kwa joto.

Mama Kahambu alitupokea kwa vigelegele, akamtumia Kavira habari kwamba mlango umefika. Wanaume wawili wakaubeba mlango wa chumba cha kuzalia, wakausimamisha mbele ya fremu, wakausukuma. Haukuingia. Wakaugeuza. Haukuingia. Ulikuwa mpana kuliko fremu na mrefu kuliko fremu, na tulipojaribu mwingine ikawa vilevile.

"Baba, milango yenu ilikula nini njiani?" akauliza Fundi Mbusa.

"Uliza fremu yako juu ya nini imekonda," akasema Papa Paluku.

Mbusa akatoa metere yake, ile ya vibao vya kukunja, nyeusi kwa uzee. Papa Paluku akatoa yetu ya njano. Wakapima fremu ileile, kila mmoja akasoma namba yake. Nikatoa na ile ya depo, na dereva wa lori, ambaye ndugu yake ni seremala wa barabara yetu, akatoa ya kwake. Zetu tatu zikasema kitu kimoja.

"Watatu na mumoja," akasema Papa Paluku. "Muti yako imezeeka, mon vieux. Imekauka, imerudi nyuma."

"Hii ilijenga mission mzima! Hakuna ukuta ilianguka!"

Walikuwa wameanza kushikana vifuani Mama Kahambu alipotoka ndani na kibao cha kupimia watoto wachanga, kile wanacholazwa juu yake, kisigino upande mmoja na kichwa upande wa pili. Akatunyang'anya metere, akailaza kwenye kibao, akaweka na ile ya Mbusa pembeni. Kibao na vibao vya Mbusa vilikwenda sawa. Ya kwetu ilikuwa na sentimita zilizonenepa kidogo tu, unene usioweza kuuona kwa moja. Lakini kadiri utepe ulivyokwenda ndivyo ulivyozidi kuachana na wenzake.

Akatutazama, mikono kiunoni.

"Donc, kama hii metere yenu njo ya kweli, batoto yote nilizalisha Beni balizaliwa bafupi, na mimi niko nadanganya bamama tangu zamani. Ni vile munasema?"

Nilimwona Papa Paluku anaifikiria ile karatoni. Alikuwa anaona karakana moja baada ya nyingine, meza, viti, kabati, kila kitu kilichokuwa kinakubaliana kwa uzuri ule. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Magodoro," akanong'ona. "Masika, bale bantu ya magodoro."

Tukaanguka. Nilicheka nikiwa nimemshika Mbusa bega, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa adui yangu, naye alicheka hata akakaa juu ya mlango. Basi wenzangu, mnaponiona nikinunua metere na kuipeleka kwa mtu ambaye hajui duka nililonunua, msiseme Mama Depo anazeeka. Vyombo vya karatoni moja havishuhudiani.

Kicheko kilikatwa na jirani wa Kavira aliyeingia uani anahema.

"Yaya Masika! Kavira ameanza kusikia uchungu. Amenituma niulize: mulango iko?"

Wote wakanitazama. Mlango ulikuwa umelala juu ya mawe mawili, mpana kuliko nafasi yake.

"Mwambie iko," nikasema. "Mwambie akuye sasa hivi."

Jirani akaondoka mbio. Papa Paluku alikuwa ameshapiga mstari kwa metere ya Mbusa. Mungu alituhurumia kwamba kosa letu lilikuwa la kuzidisha, maana mlango mkubwa unapunguzwa, mdogo hauna dawa. Tulikuwa tumekuja na randa mbili. Ile mpya, ya baada ya wanajeshi, ilikula libuyu kidogo tu ikawa butu, ikaanza kulamba. Akaitupa nyasini, akanyoosha mkono, nikampa ile nyingine, iliyoachwa kizingitini. Maranda yakaanza kutoka marefu, mekundu, yanajikunja hadi kwenye viwiko vyake. Mbusa alishika mlango upande mmoja, mimi na dereva upande mwingine, na kila tulipousimamisha kuujaribu ulikaribia zaidi. Nilikuwa naomba Mungu na kupima fremu kwa macho.

Kavira akaingia uani kabla hatujamaliza. Alikuwa anatembea polepole, mkono mmoja kwenye nyonga, akisimama maumivu yakija na kuendelea yakipita. Akaona mlango uko juu ya mawe. Akanitazama mimi dada yake, na yale macho siwezi kuyaandika.

"Yaya, ulisema iko."

"Iko, mudogo wangu. Unaiona. Inamalizia kuoga."

Alitaka kukasirika, nikaona, lakini uchungu ukamjia na akanishika shingoni badala yake. Juu ya bega lake nilimsikia Papa Paluku akisema "Inua," na sauti ya mbao inayoteleza ndani ya chuma, bila kukwaruza. Mbusa akakaza skrubu za bawaba kwa ncha ya kisu cha jikoni, maana bisibisi yetu ilikuwa ya ukoo ule ule mnaoujua.

Mama Kahambu akampokea Kavira begani pangu, akamwingiza. Nikafuata nyuma na begi la nguo. Akanigeukia palepale kizingitini.

"Wee unaenda wapi?"

"Mama, mimi ni dada yake."

"Dada anangojea inje."

Akaufunga mlango usoni pangu. Kitasa kikalia, kikashika. Nikabaki koridoni na begi mikononi, pua yangu imegusa libuyu mbichi. Kulikuwa na wanaume wawili wenye sare kwenye benchi, wanangoja dawa zao, na hata wao waliugeukia ule mlango, kisha wakageuza macho, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutazama.

Ndani Kavira akaanza kupiga kelele. Si kelele za kuuma kanga. Alipiga kwa mdomo wote, akamwita mama yetu, akamtukana mume wake na ukoo wake mzima, na Mama Kahambu alimjibu anacheka, "Vile, vile, endelea!" Machozi yalinitoka kwa furaha.

Papa Paluku akaja akasimama kando yangu, anafuta randa kwa shati lake. Akautazama mlango juu, akautazama chini.

"Masika. Chungulia pale pembeni ya fremu. Unaona kitu?"

Nikaweka jicho. Nikajaribu upande wa bawaba, nikajaribu upande wa kitasa, nikapiga magoti nikajaribu chini.

"Hapana kitu, Papa. Sione kitu hata kidogo."

"Basi," akasema, akakaa sakafuni na kuegemeza mgongo wake ukutani. "Tumemaliza kazi."